Simbi Hazivuki Mto Kokoto

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulieni!

Ina nini?

— Ina miguu, ina mkia, ina mdomo!

Imekula?

— Haijala, ipe mihogo!

Ng'o! Mihogo yangu inauzwa. Hadithi ndiyo ya bure. Haya, sogeeni mbali na karai, mafuta yanaruka, halafu mama zenu waje kunigombeza mimi. We Mwanahawa, toa mkono kwenye pilipili. Nikianza, mtu akinikatiza, naacha hapo hapo. Mnanijua.

Basi. Hapo kale palikuwa na mto ukiitwa Kokoto, kwa sababu ya mawe yaliyojaa kivukoni. Wanyama wengine walikaa upande wa huku, wengine walikaa ng'ambo. Huku kulikuwa na chumvi, ng'ambo kulikuwa na matikiti. Wa huku walivuka kwenda kununua matikiti, wa ng'ambo walivuka kuja kununua chumvi, na wote walinunua kwa simbi. Mnazijua simbi? Yale makombe madogo meupe, yana mdomo wenye vijino, dada zenu wanayatia kwenye nywele. Hizo ndizo zilikuwa hela.

Upande wa huku mkubwa alikuwa Kiboko. Hakuchaguliwa na mtu. Alikaa tu pale kivukoni, na ukitaka kupita lazima upite mbele ya tumbo lake. Sasa utamwitaje, kama si Mkuu?

Kikaja kiangazi kibaya. Nyati na ukoo wake wakafunga mizigo, wakavuka na simbi zao zote, gunia juu ya gunia, wasirudi. Soko likabaki vumbi. Muuza chumvi anakaa toka asubuhi, hakuna hata wa kumuuliza bei. Hapo Kiboko akaitisha mkutano. Na nisiwe mwongo, siku ile alisema maneno ya maana.

"Simbi zinatukimbia," alisema. "Zikiisha tutanunuliana kwa nini? Kwa majani? Kuanzia leo, simbi hazivuki mto huu. Mtu avuke. Chumvi ivuke. Simbi hazivuki! Nikimkamata mtu nazo, nazichukua, naziweka ghalani, zinakuwa za wote. Na mimi mwenyewe nikivuka na simbi, hata moja, nitoeni hapa kivukoni mkanitupe kwenye miba!"

Wanyama wakapiga makofi, pa! pa! pa! Yangeyange, wale ndege weupe wanaokaa mgongoni kwa Kiboko, wakaruka kijiji hadi kijiji wakitangaza: "Simbi hazivuki! Simbi hazivuki!" Ndege wale kwa umbea, jamani, hata mtaa huu wetu hauoni ndani.

Sasa, upande ule ule wa huku alikuwepo Buku. Si hawa panya wa darini kwenu. Buku ni panya mkubwa, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, na mashavuni ana mifuko. Akikuta karanga anajaza huku, anajaza huku, uso unakuwa kama wa mtu anayeumwa meno pande zote mbili. Buku alikuwa mjane, mwenye binti mmoja tu, Sikudhani, ambaye ameolewa ng'ambo. Na Sikudhani alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza.

Mabuku wana mila yao. Mtoto wa kwanza akizaliwa, yeye na mama yake wanakaa ndani ya shimo, gizani, wala hawatoi pua nje, mpaka bibi mzaa mama alete simbi za kumtoa mtoto. Mavyaa, yaani mama wa mume, anazipokea, anazitikisa mlangoni, chali-chali-chali, ndipo mtoto anatolewa kuonyeshwa jua. Simbi zisipokuja, mtoto haoni jua. Msiniulize nani aliitunga mila hiyo, mimi si buku.

Simbi Buku alikuwa nazo. Aliziweka moja moja toka siku binti alipoolewa. Akangoja labda sheria italegea. Haikulegea. Ikaja salamu kutoka ng'ambo: "Mama, mtoto amefumbua macho na hajaona kitu. Mavyaa ananisema asubuhi, ananisema jioni. Simbi ziko wapi?"

Buku akasema, "Potelea mbali, navuka." Akachukua nusu ya simbi zake. Akajaza huku, akajaza huku. Akashuka kivukoni, tipu, tipu, tipu, juu ya mawe.

"Nani anavuka?" ikauliza sauti nzito.

"Mm-mimi, Mmuku."

"Una nini?"

"Mmina mmitu."

"Mbona umevimba?"

"Mmeno."

"Pole sana," alisema Kiboko. Kisha akayapiga maji kwa kidevu, pwaaa! Buku akalowa chapachapa, maji yakamwingia puani, akajikaza, akajikaza, akashindwa. "Chyaaa!" Akapiga chafya, na simbi zikaruka nje, chali-chali-chali, mpaka kwenye miguu ya Kiboko.

"Meno yako yanang'oka kirahisi," alisema Kiboko. "Haya, hizi zinaenda ghalani. Ni za wote."

Buku akarudi nyumbani. Akawaza. Akasaga mtama, akapika mkate mnene, na ile nusu ya simbi iliyobaki akaikandia ndani ya unga. Akajitwisha mkate, akashuka tena kivukoni, tipu, tipu, tipu.

"Nani anavuka?"

"Ni mimi, Buku."

"Una nini?"

"Mkate wa mzazi, Mkuu. Binti yangu amejifungua."

"Hongera! Mkate wa nini?"

"Wa mtama, Mkuu."

"Wa mtama," alisema Kiboko, na mate yakaanza kumtoka. "Lete nionje, isije ikawa una kitu kibaya, mzazi akadhurika." Akaung'ata. Katu! Akatema simbi. Akaung'ata tena. Katu! Akatema simbi nyingine. Akautafuna wote, akatoa simbi zote, akazipanga juu ya jiwe.

"Za wote," alisema.

"Na mkate wangu, Mkuu?"

"Mkate nao ni wa wote," alisema Kiboko, akameza.

Mnacheka? Buku hakucheka. Akiba yote imekwenda. Hana simbi, hana mkate, na kule ng'ambo mjukuu amefumbua macho anatazama giza. Alipita njia ya majani akilia kwa sauti, "Nimekwisha mimi, mwanangu nimemfungia gizani mwenyewe," wala hakuona aliyemtangulia. Aliyemtangulia ni Kiboko, ametoka majini kwenda kujisaidia. Na Kiboko akijisaidia, samahanini mnaosubiri kula, mkia wake haukai kimya. Unapiga huku na huku kama feni. Pwata! Pwata! Pwata! Vichaka vyote vikachafuka, njia ikachafuka, Buku akachafuka toka masikio mpaka mkia.

Kiboko hata hakumwona. Alimaliza haja, akajiendea zake.

Buku akajifuta uso. Akaona kitu kimeganda kwenye kiganja. Kitu chembamba, cheusi, kinang'aa. Akakitazama. Akajifuta tena, akaona kingine. Akatazama chini kwenye tope, vimejaa tele.

Mbegu za tikiti!

Matikiti hayakuwa yakiota upande wa huku. Na toka siku ya sheria hakuna aliyeyaleta, maana ungeyanunua ng'ambo kwa nini, kwa salamu? Sasa Kiboko kayala wapi? Buku akasimama pale, ananuka, machozi hayajakauka, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe Mkuu mwenyewe, wenzake wakilala, anavuka kwenda kula matikiti!

Akaoga. Mbegu akaziacha pale pale kwenye tope. Kisha akashuka kivukoni mikono mitupu, mashavu yamelegea.

"Nani anavuka?"

"Ni mimi, Buku."

"Una nini?"

"Safari hii sina kitu kweli, Mkuu, nina salamu tu."

Kiboko akamkagua mdomo, akamkagua kwapa, akamkagua mkia. Hakukuta kitu. "Pita."

Ng'ambo mwenye matikiti alikuwa Kobe. Buku alimkuta amekaa nyuma ya nyumba yake mbele ya lundo la maganda, amenuna.

"Kaka Kobe, hujambo?"

"Sijambo ya wapi, dada Buku! Hebu tazama meno haya." Kobe akainua ganda moja. Alama za meno zilikuwa nene kama michi. "Ukuta wangu wa miti kavunja, mashina kakanyaga, na matikiti hachagui, anakula mabichi na mabivu. Nimeyaweka maganda yote haya. Lakini nikashitaki kwa nani? Mwizi ndiye mwenye kivuko. Na chumvi imeniishia. Nikija kwenu na simbi zangu kununua, kuingia zitaingia, ila chenji hainitoki!"

"Kaka Kobe," alisema Buku, "wewe una simbi huku, na unachotaka kiko kule. Mimi ninachotaka kiko huku. Ningekuwa na simbi kule, tungesumbuka kuzibeba za nini? Wewe umlipe mavyaa wa binti yangu hapa. Mimi nikununulie chumvi kule. Zako zibaki kwenu, zangu zibaki kwetu, na mto ujiendee zake."

Kobe hufikiri polepole. Akafikiri. Akaingiza kichwa ndani, akakitoa. "Umesema ungekuwa nazo. Unazo?"

"Sina hata moja. Ziko ghalani kwa Kiboko."

"Utazitoaje?"

"Atanipa mwenyewe."

Kobe akacheka mpaka gamba likagonga jiwe, ko-ko-ko-ko. Wakakaa, wakapanga. Wakakubaliana neno la kujulishana: siku Kiboko atakapokuja kwa Kobe na kusema "Mtoto aone jua", Kobe ajue kwamba simbi ziko mikononi mwa Buku, na amlipe mavyaa papo hapo.

Kabla hajarudi, Buku akapita kwa binti yake. Mlangoni kwa shimo palikuwa kimya.

"Sikudhani."

"Mama! Ni wewe? Umezileta?"

"Bado, mwanangu."

Sikudhani akasema, "Basi ingiza mkono."

Buku akaingiza mkono ndani ya giza. Kitu kidogo, laini, kikamshika kidole kikang'ang'ania. Hakikujua ni nani, kilishika tu. Buku akalia pale, hakujizuia. Ndipo mavyaa akaita kutoka ndani, "Salamu tumepokea, bi Buku. Simbi je?"

"Zinakuja," alisema Buku, akajifuta, akaondoka.

Akarudi huku. Akamsogelea Kiboko polepole kwenye sikio, maana wale yangeyange walikuwa juu wanajikuna.

"Mkuu, nimesikia Kobe anauza shamba la matikiti. Lote."

Masikio ya Kiboko yakageuka, twi! twi! "Matikiti? Matikiti ndiyo nini?"

"Ni tunda tu, Mkuu. Kijani nje, jekundu ndani. Baridi. Ukiuma, maji yanachuruzika mpaka tumboni."

Mate ya Kiboko yakadondoka mtoni, to, to, to. "Anataka nini, huyo Kobe?"

"Simbi. Ghala zima."

Kiboko akahema. "Simbi hazivuki."

"Hazivuki, Mkuu."

"Niliapa mbele ya watu."

"Uliapa, Mkuu. Lakini simbi hazina haja ya kuvuka. Nipe mimi simbi moja hapa, nenda ng'ambo mikono mitupu, Kobe atakupa simbi moja kule."

"Uongo."

"Jaribu. Mwambie nimekutuma, na simbi ni moja."

Kiboko akatoa simbi moja, akampa. Akavuka mikono mitupu, mdomo wazi, yangeyange wanatazama. Akafika kwa Kobe. Kobe akatoa simbi moja, akampa. Kiboko akaigeuza, akainusa, akairamba. Simbi kweli! Akarudi mbio, maji pwaa-pwaa-pwaa.

"Buku! Ile niliyokupa wewe unayo?"

"Hii hapa."

"Na hii ninayo mimi?"

"Unayo."

"Sasa imevukaje?"

"Haikuvuka, Mkuu. Ndio utamu wake."

Kiboko akacheka, hoo-ho-ho-ho, mpaka mawe yakagongana. Hakulala kwa furaha. Asubuhi akawatangazia wanyama: "Nimempa Buku kazi ya kusafisha ghala." Na Buku akalisafisha. Akajaza huku, akajaza huku, akatoka. Akarudi, akajaza huku, akajaza huku, akatoka. Mchana kutwa, mbele ya watu wote, na kila akipita Kiboko anamhimiza: "Jaza vizuri, dada Buku! Usiache hata moja!" Nani ameona mlinzi wa namna hiyo?

Ghala lilipobaki na buibui tu, Buku akamnong'oneza: "Sasa nenda. Ukifika useme 'Mtoto aone jua'. Useme kwa nguvu, Kobe masikio yake mazito."

Kiboko akasimama katikati ya kivuko akafumbua mdomo, mpana kama mlango wa zizi. "Njooni mnikague! Mkuu wenu anavuka na nini?"

Swala akachungulia. Nguruwe akachungulia. "Huna kitu, Mkuu!"

"Sheria ni sheria!" alisema Kiboko. Makofi, pa! pa! pa! Akavuka.

Akafika kwa Kobe, akavuta pumzi. "MTOTO AONE JUA!"

Sauti ile! Matikiti yalitikisika kwenye mashina. Kobe akamwashiria mkewe, mkewe akaondoka na mfuko. Haukupita muda, ikasikika kule kwenye mashimo: chali-chali-chali. Kisha vigelegele.

"Kelele gani hizo?" aliuliza Kiboko.

"Kuna mtoto anatolewa nje, Mkuu. Ni kwa baraka zako."

"Vizuri, vizuri," alisema Kiboko, akajiona mtu mwema kabisa.

Na upande wa huku Buku alikuwa amesimama juu ya jiwe, kwa vidole vya miguu, shingo ndefu. Akaona mabuku wamekusanyika ng'ambo. Akamwona Sikudhani anatoka, mkono usoni, macho hayajazoea. Akaona kitu kidogo kinainuliwa juu. Jua likakipiga puani. "Chya!" kikapiga chafya.

"Wa kwangu huyo!" alipiga kelele Buku. "Kanirithi mimi!" Akaruka juu ya mawe, akajigonga kidole, hata hakusikia.

Haya, turudi kwa Kiboko.

"Shamba langu," alisema.

"Simbi zako zimefika, Mkuu, zote," alisema Kobe. "Njoo nyuma tumalize hesabu." Akampeleka kwenye lundo. Akainua ganda. "Hili ni la nani?"

"Nitajuaje?"

"Hebu fumbua mdomo." Akaliweka ganda kwenye meno ya Kiboko. Likaingia sawasawa. "Tumetoa la kwanza. Hili je, ni la nani?" Likaingia sawasawa. "Tumetoa hilo. Na hili?"

Mnajua Kobe alivyo taratibu. Jua lilipanda, jua lilishuka, Kobe anainua ganda, anapima, anaweka chini, anatoa. Anainua ganda, anapima, anaweka chini, anatoa. Kisha miti ya ukuta. Kisha mashina yaliyokanyagwa. Lundo lilipokwisha, Kobe akapangusa mikono.

"Umebakiwa na chako, Mkuu. Hiki hapa." Akampa tikiti moja.

Kiboko akavimba. "Na shamba?"

"Shamba bei yake ni ghala zima. Ghala umekula."

"Mwizi! Nitakushitaki! Nitaita watu wa pande zote mbili niwaambie!"

"Waite," alisema Kobe. "Waambie nini?"

Kiboko akafumbua mdomo. Akafikiri. Awaambie alileta simbi za watu ng'ambo? Aliapa. Awaambie hakuleta? Basi amedhulumiwa nini? Akafumba mdomo. Akakaa chini akala lile tikiti, na ganda lake, huku machozi yanamtoka.

Akarudi kivukoni anapiga mbio. "Buku! Buku! Simbi zangu ziko wapi?"

Sasa wakati ule Buku hakuwa amekaa bure. Alichukua zake, hakuongeza hata moja. Akazinunulia mifuko ya chumvi ya Kobe. Zilizobaki aliita wote walionyang'anywa kivukoni, Swala, Nguruwe, Kanga, yule muuza chumvi, kila mmoja akapewa chake. Walikuwa bado wamesimama pale.

"Simbi gani, Mkuu?" aliuliza Buku kwa sauti, ili na yangeyange wasikie.

"Zile nilizo..."

"Zile ulizo nini, Mkuu?" aliuliza Swala.

"Si ulisema ni za wote?" alisema Nguruwe. "Tumepewa. Asante sana, Mkuu!"

"Asante, Mkuu!" walisema wote, na makofi, pa! pa! pa!

Utafanya nini ukipigiwa makofi? Kiboko akainamisha kichwa. Akarudi majini kinyumenyume, bwi-bwi-bwi-bwi, yakabaki mapovu.

Ingeishia hapo ingekuwa afadhali yake. Lakini masika yalikuja. Na pale kwenye njia ya majani, pale mkia ulipopiga pwata-pwata, kukachomoza majani madogo, mawili mawili. Yakatambaa, yakafunga maua ya manjano. Wiki kadhaa baadaye matikiti yamelala kila mahali, njia nzima, toka kivukoni mpaka mlangoni kwa Kiboko. Yangeyange wakakaa juu yake, wakatazama chini, wakatazama ng'ambo, wakatazamana. Hawakuhitaji kuambiwa zaidi. "Kumbe alikuwa anavuka usiku! Kumbe alikuwa anavuka usiku!" Kijiji hadi kijiji.

Wanyama wakashuka mtoni kumwuliza. "Mkuu, mbegu hizi zimevukaje?"

Bwi-bwi-bwi. Kazama.

Na mpaka leo, nendeni mkatazame. Mchana kutwa yuko ndani ya maji, masikio tu nje, na macho, na pua. Anasikiliza kama bado tunaulizana. Na Buku akivuka na mashavu yake yamejaa kumpelekea mjukuu vitu, hakuna tena sauti ya kumwuliza una nini.

Haya, funzo. Kaeni vizuri, funzo ndilo mwalimu wenu atakalowauliza. Watu wanasema Kiboko alikuwa mjinga. Nani kasema? Simbi za watu wa huku zilibaki wapi? Huku. Za ng'ambo, ukitoa ile moja ya kujaribia, zilibaki wapi? Ng'ambo. Mtoto alitolewa nje, chumvi ilinunuliwa, matikiti yalilipwa, na hakuna simbi hata moja ya huku iliyouvuka mto ule. Hata moja! Sheria ilishikwa barabara, haijapata kutokea sheria ikashikwa namna ile. Kwa hiyo, watoto, mtakapokuwa wakubwa mkapewa nchi, fungeni kivuko, wekeni mlinzi mnene, mlale usingizi.

Hadithi inaaga!

— Iende salama!

Njiani isianguke!

— Ikianguka tutaiokota!

Mihogo imeiva, nani anataka? Mwanahawa, leta hela. Huna? Sasa unanyoosha sahani ya nini? Nini? Sema tena, usimung'unye. Mama yako yuko sokoni, amempa hela binti yangu kule kule, mimi nikupe mihogo hapa?

We mtoto! Toka mbele yangu! ... Rudi. Rudi hapa, chukua. Na pilipili hiyo, mbili tu, usijaze mashavu.